Vidonda vya Uzee

Uzee ni zawadi ambayo si kila mtu huipata, lakini ni zawadi yenye gharama yake. Mtu huuingia uzee akiwa na ngozi iliyokuwa nyembamba, damu iendayo polepole miguuni, na macho yasiyokiona kisiki njiani. Jeraha ambalo kijana hulisahau baada ya siku saba, kwa mzee laweza kukaa miezi saba. Laweza kuoza, likapeleka sumu katika damu, na mwisho likamwua mtu ambaye vita, njaa na homa zilishindwa kumwua. Vitabu vya historia tunavyosoma shuleni hutueleza habari za wafalme, magavana na mapigano. Ni mara chache sana vitajapo mkono uliokiosha kidonda. Katika insha hii nataka tuifuate historia ya mkono huo mpaka tuufikie katika vichochoro vya Kibera na Kawangware, mitaa miwili ya Nairobi ambayo wanafunzi wengi wa nchi hii wameisikia kwa majina tu.

Yafaa tuanze na Kibera yenyewe, kwa kuwa asili yake yahusiana na jambo letu kuliko watu wengi wanavyodhani. Wakazi wake wa kwanza hawakuja kutafuta kazi mjini. Walikuwa askari Wanubi, watu wa asili ya Sudani, ambao baadhi yao au baba zao Kapteni Lugard aliwachukua mwaka wa 1891 kutoka karibu na Ziwa Albert na kuwatia katika utumishi wa Waingereza. Baadaye waliingia katika jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka wa 1902. Tangu mwaka wa 1904 wakaanza kukaa katika msitu uliokuwa kusini magharibi ya mji mchanga wa Nairobi, nao wakauita Kibra, maana yake msitu katika lugha yao. Mwaka wa 1918 serikali ilitangaza rasmi kuwa eneo hilo, lenye ekari 4,197, ni la jeshi.

Sasa angalia neno hili, msomaji. Askari hawa walipostaafu hawakupewa malipo ya uzeeni. Badala ya fedha walipewa ruhusa ya kukaa Kibera, kujenga na kulima. Kwa hiyo, tukisema kweli, Kibera ilianza kama makao ya wazee. Wazee wenye makovu ya risasi na mikuki, wenye viungo vilivyochoshwa na safari ndefu, ambao serikali iliwapa ardhi bila hati na bila mwuguzi. Wajukuu zao walipigania hati hiyo kwa miaka mingi, na ni mwaka wa 2017 tu ndipo jamii ya Wanubi ilipopata hati ya ekari 288. Lakini habari ya nani atawauguza wazee haikuandikwa katika hati yo yote. Hilo liliachwa kwa jamaa zao.

Je, watu wa nchi zetu walikuwa na elimu gani ya kutunza majeraha kabla ya hospitali kuja? Wako wasemao kwamba hawakuwa na elimu yo yote. Hao hawajasoma habari ya Bunyoro. Mwaka wa 1879 Mwingereza aitwaye Robert Felkin alikuwa mahali paitwapo Kahura, katika nchi ya Bunyoro, naye aliona kwa macho yake mganga akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Kabla ya kushika kisu, mganga yule aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji. Mishipa iliyotoa damu aliigusa kwa chuma cha moto. Mwisho alilishikamanisha jeraha kwa vijiti saba vyembamba vya chuma vilivyong'arishwa, akavifunga kwa uzi wa gome la mti, akapaka dawa ya mizizi iliyotafunwa. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona, na mama na mtoto walikuwa hai. Felkin aliyaandika hayo mwaka wa 1884. Ni wazi kwamba mganga yule hakuwa akibahatisha. Alifuata desturi iliyojaribiwa na waliomtangulia. Hakujua habari za vijidudu, lakini alijua kwamba mkono uendao katika jeraha sharti uoshwe kwanza.

Huko Ulaya watu walikuwa wamelijifunza neno hilo hilo kwa taabu kubwa. Mwaka wa 1847, katika mji wa Vienna, daktari aitwaye Ignaz Semmelweis aliona kwamba mama wengi waliojifungulia katika wodi ya madaktari walikufa kwa homa, na wale wa wodi ya wakunga hawakufa kwa wingi huo. Alichunguza akagundua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti, wakaenda moja kwa moja kuwashika mama. Akaamuru kila mmoja aoshe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa mama 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni, baada ya amri ile, walikufa 2 tu. Hata hivyo wakubwa wa kazi yake walimdharau, kwani ni vigumu kwa mtu mwenye cheo kuambiwa kwamba mikono yake ndiyo iuayo. Semmelweis alikufa mwaka wa 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, naye alikufa kwa jeraha lililooza. Mwaka ule ule, huko Glasgow, Joseph Lister alianza kufunika majeraha kwa kitambaa kilichotiwa dawa ya kaboliki, na mwaka wa 1867 akaieleza dunia kwamba oza ya majeraha yatokana na vijidudu vilivyoonyeshwa na Pasteur.

Kati ya watu hao wawili alikuwako Florence Nightingale. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1854 alifika Scutari, Uturuki, pamoja na wanawake 38, kuwauguza askari Waingereza wa vita vya Krimea. Alikuta uchafu, msongamano, na mifereji iliyooza chini ya sakafu. Na askari waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Jambo moja alilolifundisha baadaye yatupasa tulikumbuke katika insha hii yote: alisema kwamba mgonjwa akipata kidonda kwa kulala kitandani, aghalabu kosa si la ugonjwa bali ni la uuguzi. Neno hilo ni kali, lakini ndilo lililoifanya kazi ya uuguzi kuwa kazi yenye dhamana. Kama kidonda ni kosa la uuguzi, basi uuguzi mwema waweza kukizuia.

Turudi Nairobi. Mji huu ulizaliwa na reli mwaka wa 1899, na haukukaa muda mrefu kabla haujafundishwa habari ya maambukizo kwa moto. Mwaka wa 1902 tauni ilitokea katika maduka ya Wahindi, na wakubwa wa afya wakaamuru maduka hayo yachomwe. Mwaka wa 1901 ilikuwa imefunguliwa hospitali ndogo ya Waafrika yenye vitanda 40. Hospitali hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa King George VI mwaka wa 1952, kisha Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mwaka wa 1964. Nayo haiko mbali na Kibera. Upande mwingine, katika miaka ya 1950, ilijengwa hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, ambayo leo ni Hospitali ya Mbagathi. Hata leo wagonjwa wengi wa Kibera huenda huko.

Kawangware nayo iko upande wa Dagoretti, mpakani mwa mji na nchi ya Wakikuyu. Wamisheni wa Kanisa la Scotland walihamia sehemu hizo kutoka Kibwezi mwaka wa 1898, na mwaka wa 1907 daktari John Arthur alifika Thogoto, ambako hospitali ilijengwa. Vidonda vilikuwa mlango wa tiba mpya. Buba ilikuwa imeenea, ikila ngozi na mifupa ya watu, na ilipokuja sindano ya kutibu buba katika miaka ya 1920 vidonda vya miaka mingi vilikauka upesi mno hata watu wakaanza kuamini kwamba sindano ndiyo dawa ya kila kitu. Imani hiyo haijatutoka. Mpaka leo mgonjwa aliyeoshwa kidonda vizuri asipochomwa sindano hurudi nyumbani akisema hakutibiwa.

Adui mwingine alikuwa funza. Mdudu huyu hakuwa wa kwetu; aliletwa na meli kutoka Brazili mpaka Angola mwaka wa 1872, akalivuka bara lote kwa miguu ya wapagazi na askari, na kabla ya mwaka wa 1900 alikuwa amefika pwani yetu. Funza huwapenda watoto wadogo na wazee, kwa kuwa hao hawawezi kuinama na kuitunza miguu yao, tena aghalabu hukaa juu ya sakafu ya vumbi. Tena pini moja ikitumiwa kuwatoa funza watu watano, yaweza kuhamisha maradhi kutoka damu ya mmoja kwenda damu ya wengine. Hapo msaada huwa madhara, ingawa aliyesaidia alikuwa na moyo safi.

Vita vya kwanza vya dunia vilitoa somo kubwa zaidi. Wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki Nairobi katika mtaa wa Kariokor, walikufa zaidi ya 40,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na kichomi. Askari wa Kibera walikuwako katika vita hivyo. Maji machafu, chakula kisichoiva na mikono isiyooshwa viliua watu wengi kuliko bunduki za Wajerumani. Mwaka wa 1927 serikali ilianza kuwafundisha Waafrika kazi za tiba katika chuo ambacho leo chaitwa Kenya Medical Training College, na humo wametoka wauguzi wengi wa nchi hii.

Sasa tufike kwenye kidonda chenyewe cha uzee. Mtu mzima anapolala usiku hujigeuza mara nyingi bila kujijua. Mzee aliyepooza, au aliyedhoofika, hajigeuzi. Uzito wa mwili wake hukandamiza ngozi kati ya mfupa na godoro; damu haipiti; nyama hukosa chakula chake na kufa. Mahali pa hatari ni juu ya matako, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko na kisogo. Dalili ya kwanza ni wekundu usioondoka ukibonyezwa kwa kidole. Na kwa ngozi nyeusi, ambayo wekundu wake hauonekani upesi, mwuguzi hutazama rangi iliyogeuka, hugusa kama pana joto au ugumu, na humwuliza mgonjwa kama pauma. Usipoziba ufa utajenga ukuta: doa dogo la asubuhi laweza kuwa shimo la kufikia mfupa baada ya majuma machache.

Mtu aliyeifundisha dunia kwamba kidonda hiki chaweza kushindwa ni Ludwig Guttmann, daktari aliyekimbia Ujerumani. Mwaka wa 1944 alipewa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, kuwatunza askari waliovunjika uti wa mgongo, ambao wengi walidhani hawana tumaini. Guttmann aliamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Hakutumia dawa ya ajabu. Alitumia saa na mikono. Mwaka wa 1962 mwuguzi Doreen Norton na wenzake walitoa uchunguzi wao juu ya wazee hospitalini, wakaonyesha jinsi ya kupima ni mzee yupi aliye katika hatari. Walitazama mambo matano: afya ya mwili, hali ya akili, kama aweza kutembea, kama aweza kujigeuza, na kama aweza kuzuia haja. Kila jambo lilipewa alama 1 mpaka 4. Aliyepata jumla ya 14 au chini yake alihesabiwa kuwa katika hatari. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Chahitaji jicho liangalialo.

Mwaka huo huo wa 1962, George Winter alionyesha kwa kuchunguza ngozi ya nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu hufunga upesi kuliko lililoachwa likauke kwa hewa. Jambo hili liliipindua imani ya zamani. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa, "Acha kidonda kipate hewa kikauke." Kumbe gamba gumu ni ukuta ambao ngozi mpya lazima ichimbe chini yake ili ipite.

Niruhusiwe hapa kueleza habari ya nyumbani kwetu, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha walimu, nyanya yangu aliyeishi Kawangware alipatwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili wake ukafa. Alilala katika chumba kimoja pamoja na watu watano, juu ya godoro jembamba. Sisi wajukuu tulimpenda, na kwa kumpenda huko tulimfanyia makosa yote. Doa lilipotokea nyongani tulilisugua kwa mafuta kwa nguvu, tukidhani twaamsha damu. Tulikuwa tukiichana nyama iliyokwisha dhoofika. Lilipopasuka tulimwaga spiriti, akalia kwa uchungu, nasi tukafurahi tukisema dawa yafanya kazi. Ilikuwa ikiua vijidudu pamoja na nyama changa. Kisha tulifungua vidonge vya viuavijasumu tulivyonunua dukani bila kuandikiwa, tukanyunyiza unga wake. Mwisho tulimweka juu ya mpira wa ndani wa tairi, na mpira ule ukazuia damu pande zote za kidonda. Baada ya mwezi mmoja chumba kilinuka, na majirani wakaanza kupunguza ziara zao. Nyanya alijua. Akaanza kukataa chakula ili asituchoshe.

Siku moja mama mmoja jirani, mwuguzi aliyestaafu, alikuja kumjulia hali. Hakutukemea. Aliomba beseni, sabuni na maji. Alikunja mikono ya nguo yake, akaosha mikono mpaka kwenye viwiko, katikati ya vidole na chini ya kucha, akaikausha kwa kitambaa safi. Kisha akamwinamia mgonjwa akasema, "Shosho, nataka kukutazama. Nitakugeuza pole pole. Nikikuumiza niambie, nami nitaacha." Nyanya, ambaye kwa majuma mawili alikuwa amegeuza uso ukutani, alimjibu, "Tazama tu, mwanangu. Wewe umeomba ruhusa."

Neno hilo lilituchoma. Sisi tulimgeuza kama mzigo; hatukuwahi kumwomba ruhusa mtu aliyetulea.

Mwuguzi yule alitufundisha kazi kwa majuma mengi. Tulichemsha maji, tukayatia chumvi kwa kipimo cha gramu 9 katika kila lita moja, tukayaacha yapoe katika chombo kilichofunikwa. Tuliosha kidonda kwa maji hayo na kwa shashi safi. Nyama iliyokufa hakuturuhusu kuigusa; ilikatwa katika zahanati. Kitambaa kilichotoka kidondani kilifungwa katika mfuko peke yake, wala hakikutupwa mferejini ambako watoto hucheza. Glavu ziliwekwa kwa kidonda na kuvuliwa kabla ya kushika kitu kingine, na mikono ikaoshwa tena, kwa maana glavu si badala ya sabuni. Tuliandika ratiba ukutani: saa mbili ubavu wa kulia, saa nne chali, saa sita ubavu wa kushoto, mto mdogo ukawekwa chini ya miguu ili visigino vielee hewani. Maharagwe, mayai na maziwa vikaongezwa katika chakula chake, kwani nyama mpya haijengwi kwa uji mtupu. Tena akapimwa sukari katika damu, maana mwenye kisukari hufa ganzi miguuni, akakanyaga msumari asijue. Kidonda kilifunga katika mwezi wa tano. Nyanya aliishi miaka miwili zaidi, na katika miaka hiyo alinisimulia mambo mengi ambayo nisingalikuwa nayo leo. Wakati mwingine hufikiri ni wazee wangapi wamekufa na masimulizi yao kwa ajili ya doa dogo nyongani.

Hayo yalitupata sisi tuliokuwa na jirani mwenye ujuzi. Hali ya wengi ni ngumu zaidi. Katika vijiji vya Kibera, kama Makina, Lindi, Gatwekera na Soweto, maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na choo kimoja hutumiwa na nyumba nyingi. Kumwambia mtu aoshe mikono mara kumi kwa siku ni kumwambia atoe fedha mara kumi. Ndiyo sababu kuzuia maambukizo si jambo la tabia njema peke yake. Ni jambo la bomba, la mfereji na la bei ya maji. Nightingale aliliona hilo Scutari: mashuka safi hayakutosha mpaka mifereji iliposafishwa.

Makao ya wazee katika Nairobi ni machache. Huko Kasarani iko Nyumba ya Wazee ya Masista Wadogo wa Maskini, shirika lililoanza Ufaransa mwaka wa 1839, wakati Jeanne Jugan alipompa kitanda chake mwanamke mzee kipofu. Mji wenyewe una Mji wa Huruma, na huko Thogoto, si mbali na Kawangware, Kanisa la Presbiteri lina makao yake. Wako watu wanaoyaonea haya makao hayo, wakisema Mwafrika hampeleki mzazi wake kulelewa na wageni. Siwalaumu, kwa kuwa heshima ya wazee ni urithi wetu. Lakini heshima isiyojua kumgeuza mzee kitandani ni heshima ya mdomo. Swali lifaalo kuulizwa si "Mzee yuko wapi?" bali "Ni nani amwoshaye, na mikono yake ni safi?" Kwa upande mwingine, mahali walipo wazee wengi pamoja pana hatari yake: mkono mmoja mchafu, ukienda kitanda hata kitanda, waweza kueneza maradhi katika nyumba nzima kwa siku moja.

Kwa ajili hiyo Shirika la Afya la Dunia lilitangaza mwaka wa 2009 nyakati tano ambazo mwuguzi lazima asafishe mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kamili, kama kufunga kidonda, baada ya kuguswa na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Kenya ilitoa mwongozo wake wa taifa juu ya kuzuia maambukizo mwaka wa 2010. Mwaka huo huo Katiba mpya, katika kifungu cha 57, iliwapa wazee haki ya kuishi kwa heshima, na ya kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Miaka kumi baadaye, tarehe 13 Machi 2020, serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, na nchi nzima ikaanza kufanya lile alilolihubiri Semmelweis. Matangi ya maji na sabuni yaliwekwa kwenye njia za Kibera, na milango ya makao ya wazee katika nchi nyingi ikafungwa hata kwa watoto wao, kwa kuwa ugonjwa ule uliwaua wazee kuliko vijana. Tauni ya 1902 ilijibiwa kwa moto. Ugonjwa wa 2020 ulijibiwa kwa sabuni. Hayo ni maendeleo, ingawa matangi mengi yalikauka hofu ilipopungua.

Iko hatari nyingine iliyo kimya. Alexander Fleming, aliyeivumbua penisilini mwaka wa 1928, alionya alipopokea tuzo ya Nobel mwaka wa 1945 kwamba dawa ikitumiwa kidogo kidogo bila mpango, vijidudu vitajifunza kuishinda. Unga wa vidonge tulioumwaga katika kidonda cha nyanya yangu ulikuwa shule ya vijidudu hivyo. Kila kidonda kilichozuiliwa ni dawa iliyohifadhiwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Mwaka wa 2023 serikali iliwatuma wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000 kwenda nyumba kwa nyumba katika nchi nzima, wakiwa na mikoba ya vifaa. Ni hatua njema, lakini hao hawawezi kukaa katika kila chumba kila baada ya saa mbili. Kazi hiyo hubaki mikononi mwa watu wa nyumbani. Na mara nyingi hubaki mikononi mwa msichana mmoja, mjukuu, ambaye hukosa shule ili amtunze bibi yake. Kaka zake huhesabiwa kuwa wamefanya wajibu wao wakileta fedha kidogo mwisho wa mwezi. Hili si la haki, wala si la busara. Mganga wa Bunyoro na Joseph Lister walikuwa wanaume. Guttmann aliyehesabu saa mbili mbili usiku kucha alikuwa mwanamume. Mikono ya kuoshea kidonda haina jinsia.

Nanyi wanafunzi mnaosoma maneno haya, wengi wenu mna mzee nyumbani. Mkirudi likizo, mtazameni visigino vyake kabla hamjamwuliza habari za kale. Oshe mikono kila mmoja wenu, aombe ruhusa, amgeuze pole pole. Askari wa kale wa Kibera walipewa msitu mahali pa malipo yao, na hawakupewa mtu wa kuwauguza. Deni hilo lingali kwetu, nalo halilipwi kwa sherehe wala kwa hotuba. Hulipwa kwa beseni la maji safi, kipande cha sabuni, na saa mbili baada ya saa mbili.